Watu Walionyeshewa Likizoni

Kwa miaka kumi na miwili nililipwa kusoma barua za watu walionyeshewa mvua likizoni. Wanjiru, binti wa Kikenya anayekalia kiti changu sasa, ameniomba niiandike kazi ile kwa ajili yake na vijana wengine wa kwetu wanaopokea simu za wateja hapa Stockholm. Alitaka mbinu. Mbinu ni chache na nitazitaja njiani. Kuhusu vyeo sina la kusema: nilianza nikiwa mjibu malalamiko, nikastaafu nikiwa mjibu malalamiko, na ninamshukuru Mungu kwa kunipa kazi isiyohamahama.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo, ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani. Iliwapeleka Waswidi kwenye visiwa vya Karibi kupiga mbizi kwenye matumbawe. Safari nyingi ziliuzwa kwa miezi ya mvua, maana ndipo hoteli za huko hushusha bei. Katalogi yetu ilisema kwamba majira hayo huwa na "mvua fupi za kuburudisha, hasa alasiri". Sentensi hiyo iliandikwa na kijana wa idara ya matangazo ambaye hakuwa amesafiri mbali kuliko Denmark. Kwa sentensi hiyo moja nimekula, nimevaa, na nimesomesha watoto wawili.

Kabla ya hapo nilikuwa nikisafisha kumbi za uwanja wa ndege, nikipanda treni ya Märsta alfajiri pamoja na nusu ya kwaya yetu. Kampuni ilitafuta mtu wa kuzungumza Kiingereza na hoteli na Kiswidi na wateja. Kiingereza nilikuwa nacho. Kiswidi nilijifunza Bukoba, katika shule ya uinjilisti, kwa bibi mmoja mmisionari Mswidi aliyeondoka kwao zamani sana. Waswidi walituletea Injili na nyimbo. Nami nilipofika kwao nikakuta makanisa mazuri, yenye joto, na watu sita ndani. Lakini bibi yule alinifundisha vizuri, na sijaacha kumwombea.

Siku ya kwanza nilipokea simu ya bwana mmoja aliyetaka kujua mabegi yake yamebaki nchi gani. Nilimjibu kwa Kiswidi cha bibi yule. Nikamtakia amani, nikamwambia kwamba kilichopotea kitaonekana kwa wakati wake, na nikamuaga kwa neno tulilokuwa tukilitumia makaburini. Bwana akauliza kwa sauti ndogo kama kuna mtu amefariki.

Aliyekaa meza ya pili alikuwa Birgitta. Alikuwa amebakiza miaka minne kustaafu, na alifuma soksi huku akisikiliza wateja kwa hedifoni. Akaacha sindano zake, akaniambia: "Hasira yake imekwisha kabisa. Mimi huchukua wiki mbili kufika hapo. Usibadilishe kitu."

Huyo ndiye aliyenilea. Alinionyesha muhuri wa tarehe, lenzi ya kukuzia picha, na mashine ya kutoboa karatasi, ambayo Uswidi hutoboa matundu manne. Kwetu mawili yalitosha, lakini kwetu pia hakuna anayehifadhi karatasi inayosema kwamba supu ilikuwa vuguvugu. Birgitta aliniambia barua husomwa mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya hasira, mara ya pili kwa ajili ya tarehe. Aliniambia nisiombe radhi kwa mvua. "Mvua si yetu," alisema. "Neno 'fupi' ndilo letu. Omba radhi kwa neno." Na aliniambia kwamba Mswidi huambatisha kila kitu, kwa hiyo nisijibu kabla sijafika karatasi ya mwisho.

Ni kweli, waliambatisha. Bwana mmoja wa Uppsala alikwenda likizo na kipimamvua chake cha nyumbani, akakisimika kwenye bustani ya hoteli, akatuletea jedwali la siku kumi na nne. Hakudai kitu. Alitaka tu tukiri kwamba vipimo vyake ni sahihi. Nikakiri, nikapiga muhuri. Mama mwingine alituma picha thelathini za mawingu. Familia moja ililalamika kwamba mvua ilinyesha upande wa vyumba vyao tu. Wengine waliudhika kwa sababu wahudumu walikuwa wakiimba huku wakikausha viti, kana kwamba hali ya hewa si jambo la kuhuzunisha. Na kila mwaka alitokea mtu wa kulalamika kwamba hoteli ilikuwa na Waswidi wengi mno.

Kina mama wa kanisani kwetu Rinkeby hawakuielewa kazi hiyo hata siku moja.

"Mama Koku, hivi unafanya nini hasa huko mjini?"

"Nasoma barua za watu walionyeshewa."

"Walionyeshewa wapi?"

"Likizoni."

"Si wangebaki hapa? Hapa pia inanyesha, na nauli ni ya treni tu."

Mama mmoja Mrundi, aliyekaa kambini miaka saba chini ya turubai, alitaka nimweleze kama watu hao walikuwa na paa. Nikamwambia walikuwa nalo, na kipoza hewa, na mtu wa kuwaletea maji ya matunda. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi tuwaombee." Na tukawaombea, ingawa sina hakika sote tulikuwa tunaomba kitu kimoja.

Kulikuwa na kanuni moja iliyotubeba. Mgeni mwenye shida alipaswa kuisema hapohapo hotelini na kuiandika katika kitabu cha malalamiko kilichokuwa mapokezi, ili irekebishwe. Akinyamaza huko, akija kulia Stockholm, dai lake lina nguvu ndogo. Kanuni nzuri. Ila iliandikwa kwa ajili ya binadamu wengine. Mswidi hawezi kumwambia mtu usoni kwamba chakula ni kibaya. Anakula, anatabasamu, anasema asante, tamu sana, anasafiri saa kumi na tano angani, anavua viatu mlangoni kwake, anakaa, anaandika kurasa tisa. Siwacheki peke yao. Hata kwetu ugenini mtu husifu mchuzi uliounguzwa. Tofauti ni kwamba sisi tukifika nyumbani tunasengenya na yanaishia hapo, hatuandiki.

Nilikuja kuliona jambo hilo kwa macho yangu mwaka wangu wa nne. Mkubwa wetu, Magnus, kijana mpole aliyevaa skafu ndani ya nyumba, alichoka na hoteli moja iliyokana kwamba paa lake linavuja. "Nenda wiki moja ukaangalie," akaniambia. Kwa hiyo mimi, mtoto wa mkulima wa kahawa, nilivuka Bahari ya Atlantiki kwenda kuangalia paa. Lilikuwa linavuja. Meneja alikuwa ameweka ndoo chini ya tundu na kupanda ua ndani yake, na akaniambia ni mtindo wa kisiwa.

Kuhusu huduma, niseme ukweli kwa haki. Wahudumu walikuwa watu wazuri na wachache. Kahawa ilichukua dakika arobaini kwa sababu jiko lilikuwa ng'ambo ya ua na ua ulikuwa umejaa maji, na mhudumu alivua viatu kwenda na kuvaa viatu kurudi. Asubuhi ya pili Mswidi mmoja aliyenikuta nimesimama karibu na birika aliniomba kikombe cha kahawa yenye maziwa. Nilikuwa nimesimama hata hivyo, nikamletea. Alirudi kuomba mara mbili zaidi wiki ile. Katika fomu yake ya maoni, ambayo niliipokea ofisini mwezi uliofuata, aliandika kwamba hoteli ni dhaifu isipokuwa yule mama mtu mzima wa kahawa, ambaye anastahili kupandishwa cheo. Nilimpelekea Magnus fomu hiyo. Akacheka, akaniambia niitoboe matundu nihifadhi.

Kitabu cha malalamiko nilikifungua pia. Kilikuwa na maandishi ya Mswidi mmoja tu katika mwaka mzima. Alishukuru kwa kalamu.

Ndiko nilikokutana na Anselm. Alikuwa kiongozi wa wapiga mbizi na mwendesha boti, mwembamba, mvi kidogo, mtu wa kanisa kama mimi. Kila asubuhi alisimama kwenye gati akitazama maji kwa muda mrefu. Akiridhika, aliwasha injini. Asiporidhika, alifunga kitambaa chekundu kwenye mlingoti, akakaa kushona wavu wake, na siku hiyo hakuna aliyepiga mbizi. Wageni walikuja na mitungi ya hewa mgongoni, jua likiwaka, wakakitazama kitambaa kile kama watu waliofungiwa mlango wa benki.

Siku moja tulikunywa chai pamoja gatini, nikamuuliza.

"Mvua ya hapa si neno," akasema. "Yenye neno ni mvua ya juu milimani. Ikinyesha huko usiku, mto unashusha tope, maji ya ghubani yanavutwa kwenda nje, na chini huoni mkono wako. Halafu asubuhi jua linatoka, na wageni wanadhani bahari nayo imepona."

"Kwa nini huwaelezi hivyo?"

"Niliwaeleza kwa miaka mitano, mama. Wanasikiliza vizuri sana. Wanatikisa kichwa. Kisha wanauliza tunaondoka saa ngapi."

Nilirudi Stockholm na ripoti ya paa. Birgitta alistaafu, akaniachia muhuri na jozi ya soksi. Miaka ikapita. Mwaka wa nane, mwezi wa kumi na mbili, ikaja barua ya klabu ya wapiga mbizi ya Farsta.

Kurasa tisa, sahihi kumi na moja. Mwandishi alikuwa mwenyekiti wao, Göran, mhandisi mstaafu. Walikuwa wamekaa wiki moja kwenye hoteli ileile. Walilalamika kwamba siku nne kati ya saba kiongozi aliwanyima kupiga mbizi huku jua likiwaka; kwamba alikataa kujadiliana; na kwamba siku ya tatu alifika kwa boti akiwa amechelewa, akawapigia wanachama kelele, na hakuwa na taulo. Walitaka aondolewe. La sivyo klabu ingetafuta kampuni nyingine.

Magnus alisimama kwenye meza yangu. "Hawa huja kila mwaka," akasema. "Andikia hoteli wampe yule bwana kazi nyingine. Bustani, kwa mfano."

"Namfahamu mtu huyu, Magnus. Nimekunywa chai naye."

"Vizuri. Basi utaandika kwa upole."

Nikaandika. Nataka vijana mnielewe hapa, maana ndipo penye kosa la kazi yangu yote. Sikulazimishwa. Magnus angenisikiliza kama ningebisha. Mswidi akibishiwa huitisha kikao, hakufukuzi. Niliandika kwa sababu nilikuwa mtu wa shukrani. Nilitoka kwenye fagio nikapewa meza, na tangu siku hiyo kila nilichoombwa nilikipokea kama mtu anayelipa fadhila. Nilijiita mvumilivu. Nikaandika ukurasa mmoja mzuri kuhusu mawasiliano na matarajio ya wateja, nikautuma Jumatatu kabla ya chakula cha mchana, nami sijafungua viambatisho vya klabu ile, kwa kuwa vilikuwa vinene na mbele kulikuwa na sikukuu.

Jumatano hoteli ilijibu kwa mistari miwili. Walitushukuru. Anselm ameondolewa kwenye boti, na kwa kuwa bustani haina nafasi, amerudi nyumbani kwake.

Ijumaa nilikuwa nikitoboa matundu. Viambatisho vilikuwa risiti, picha za kitambaa chekundu kutoka pande zote, na nakala ya daftari la mbizi la Göran. Mpiga mbizi huandika kila mbizi, kama nahodha. Nikalitazama ili nijue niliingize upande gani wa faili. Siku ya tatu ilisomeka hivi: tumeingia kutoka ufukweni bila kiongozi, saa tatu na dakika kumi. Umbali wa kuona, mita moja na nusu. Mkondo mkali kuelekea nje. Dakika ya kumi na nne, Kerstin haonekani. Dakika ya thelathini na nane, Kerstin amepatikana na kiongozi kwa boti, nje ya ghuba. Wote tumeokotwa. Joto la maji, nyuzi ishirini na nane. Samaki: hakuna.

Nikaisoma mara ya pili kwa ajili ya tarehe. Ilikuwa siku ileile ya kuchelewa, kelele na taulo.

Wanjiru wakati huo alikuwa mwanafunzi, akifanya kazi kwetu siku mbili kwa wiki. Nikampa karatasi.

"Ngoja," akasema. "Hawa waliingia maji wakati kitambaa kiko juu?"

"Ndiyo."

"Akawaokoa?"

"Ndiyo."

"Na ndiye wanataka afutwe? Halafu wakatuma ushahidi wenyewe? Mama, hawa watu wako sawa kweli?"

Wako sawa. Hilo ndilo la kushangaza. Mtu wa kwetu akitaka kumchongea mwenzake angeichana karatasi ile na kuitia jikoni. Göran hakuweza. Kwake daftari ni daftari na malalamiko ni malalamiko, kila kimoja kimejazwa kwa uaminifu, na hakuna aliyemwomba avisome pamoja.

Nilimpigia simu. Nikajitambulisha, nikamwomba achukue daftari lake anisomee siku ya tatu. Akalileta. Akasoma kila neno, polepole, pamoja na samaki.

"Ni sahihi?" nikauliza.

"Ni sahihi," akasema, akiwa ameudhika kidogo kwamba nimeuliza.

"Mtu huyo amepoteza kazi kwa sababu ya barua yenu, Göran, na ya kwangu."

 Nilisikia akifunga daftari.

"Tulisema aondolewe kwenye boti," akasema. "Hatukusema apoteze kazi."

"Kazi yake ni boti."

"Naelewa. Lakini siwezi kuamua peke yangu. Barua ilitoka kwa klabu. Lazima irudi kwa klabu. Tuna mkutano baada ya wiki tatu, ila ajenda imeshafungwa." Akafikiri. "Kuna kipengele cha mengineyo."

Magnus aliposikia alisema tusubiri mengineyo. Bila neno la klabu hakuwa na cha kuiambia hoteli. Wiki tatu kisiwani ni wiki tatu za mtu kukaa bila riziki ya boti, na ilikuwa Krismasi. Niliimba na kwaya sikukuu yote nikihesabu siku.

"Kwani unaenda kwa mkutano wao peke yako?" Wanjiru aliniuliza. "Nikusindikize?"

"Hapana. Wakiona wawili watadhani ni ujumbe, watataka kuahirisha."

Walikutana chini ya jengo la ghorofa, hatua chache kutoka stesheni ya Farsta, katika chumba cha ghala chenye mitungi iliyopangwa ukutani kama maaskofu. Walinipa kahawa na andazi la mdalasini, wakanikaribisha kwa heshima sana. Kisha wakaanza ajenda. Kipengele cha nne kilikuwa kununua chupa mpya ya chai ya klabu, na kilichukua dakika thelathini na tano, kwa sababu wengine waliona ya zamani bado inahifadhi joto na walikuwa wamepima. Nilikaa na mkoba magotini. Nimehudhuria sinodi za kanisa maisha yangu yote na sikuwahi kuona watu wakibishana kwa upole kiasi kile juu ya kitu kidogo kiasi kile.

Yakafika mengineyo. Sikuhutubia. Nilimwomba mwenyekiti asome daftari lake, siku ya tatu. Akasoma.

Mtu mmoja mwenye ndevu akasema, "Lakini hilo tulikuwa tunalijua."

"Ndiyo," akasema mwingine. "Malalamiko yalihusu namna alivyozungumza nasi. Alitupigia kelele. Sote tulisikia."

Mbele yangu alikaa mwanamke mdogo wa umbo, nywele nyeupe, aliyekuwa hajasema kitu tangu chupa ya chai. Akaweka kikombe chini.

"Alikuwa analiita jina langu," akasema.

Huyo ndiye alikuwa Kerstin. Hakupandisha sauti.

"Mimi nilikuwa kule nje. Nilimsikia kabla sijamwona. Analiita jina langu, anazima injini, anasikiliza, anaita tena. Hizo ndizo kelele, Göran. Nilitia sahihi barua yako kwa sababu orodha ilinifikia na wote mlikuwa mmeshasaini. Sikuisoma."

Hakuna aliyetazama mtu. Katibu alikuwa ameinua kalamu, hajui kama hilo liandikwe. Mwenye ndevu akakunja kijikaratasi cha andazi lake mara nne. Göran alikuwa mwekundu hadi masikioni, na kwa mara ya kwanza nilimhurumia. Alikuwa mtu mwaminifu aliyepewa madaftari mawili.

Hatimaye akasafisha koo. "Napendekeza klabu iondoe dai linalomhusu kiongozi, na iandike kwamba alitenda ipasavyo. Je, mkutano unakubali?"

Wakakubali kwa pamoja.

"Dai la taulo linabaki," akaongeza. "Hazikuwepo."

Mkutano ukakubali hilo pia. Akagonga nyundo ndogo ya mbao. Nje, Kerstin alinifuata hadi ngazi za stesheni, akaniomba anwani ya Anselm. Nikamwambia nitamuuliza mwenyewe kwanza kama anataka kuandikiwa.

Barua ya klabu ilifika ofisini kesho yake, nakala tatu. Magnus aliipeleka hotelini na maneno yake mwenyewe, na nitampa haki yake: alijua kuona haya. Ndipo alipokubali kanuni ambayo Wanjiru bado anaifuata, kwamba barua yoyote inayogusa kazi ya mtu haitoki mpaka aliyeiandika asaini kwamba amesoma kila kiambatisho. Baada ya siku kumi hoteli ikajibu kwamba Anselm amerudi kwenye boti, na kwamba sasa boti ina taulo ishirini na nne.

Watu ofisini walikata keki. Mimi nilikuwa na jambo moja bado. Katika barua zote za kumrudisha, jina langu lilionekana kama la mtu aliyemtetea. Nilifundishwa tangu kipaimara kwamba ungamo linalongoja kuulizwa si ungamo. Nikasubiri saa ambayo huko ni asubuhi, nikampigia Anselm kwenye simu ya gatini. Mvua ilikuwa ikinyesha kwake. Niliisikia juu ya bati.

Nikamwambia mimi ni yule mama wa paa. Akanikumbuka. Nikamwambia kwamba barua ya kwanza, ile iliyomtoa, haikuandikwa na Magnus wala na klabu. Niliiandika mimi, nami nilimjua, na sikuwa nimesoma karatasi zilizokuwa mezani pangu.

"Najua," akasema. "Meneja alinipa nakala. Jina lako liko chini."

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Nilimpa mke wangu asome," akaendelea. "Yeye ni mwalimu. Akasema hajawahi kuona barua mbaya iliyoandikwa vizuri hivyo. Hakuna mahali umenitukana. Tulitafuta."

Nikamwomba msamaha. Nilimwomba kwa maneno mafupi, maana mengine yote yalikuwa yameshatumika kwenye barua.

"Nilikusamehe Jumapili ya kwanza," akasema. "Ilibidi, ndipo niweze kushiriki meza ya Bwana. Lakini nakuomba kitu kimoja, mama. Usiandike tena juu yangu. Hata wema. Huyo mama wa nywele nyeupe naye mwambie aje tu, asiandike."

Nikaahidi. Kerstin nilimpa ujumbe huo, na aliufuata. Mimi nilikaa miaka minne zaidi kwenye meza ile bila kumtaja katika karatasi yoyote, hata alipostahili kusifiwa. Sasa Wanjiru, juu ya mbinu, ameniomba pia kosa kubwa la kazi yangu, na sikuwa na jingine la kumpa. Kwa hiyo jueni kwamba hakuitwa Anselm, kitambaa chake hakikuwa chekundu, na kisiwa sikukitaja. Yaliyosalia ya ahadi ile nimeyavunja, na nitakwenda kuyasema mahali panapostahili, Jumapili.